Siwa za Malindi na Mizinga ya Wareno

Kila tunapofika katika habari za mwaka 1498, wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu hugawanyika pande mbili. Wengine humsifu mfalme wa Mombasa kwa kuwa alimkabili mgeni. Wengine humsifu mfalme wa Malindi kwa kuwa alimkaribisha. Huyu huitwa mjinga, na yule huitwa msaliti. Mimi naona pande zote mbili hukata hukumu kabla ya kumhoji shahidi.

Shahidi wetu mkubwa ni kitabu cha safari kilichoandikwa na mtu mmoja aliyekuwamo katika merikebu za Vasco da Gama, wala hakulitaja jina lake. Ni mwandishi mwenye jicho kali. Aelezapo jinsi mfalme wa Malindi alivyotoka kwa chombo kumlaki mgeni, hasahau kitu: joho lenye mapambo ya kijani, mwavuli mwekundu, mzee aliyechukua upanga wenye ala ya fedha, na siwa mbili za pembe, ndefu kama kimo cha mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji hudhani azisikia zikilia.

Lakini na tusome tena, polepole. Kwa nini wakubwa hawa walikutana juu ya maji? Kwa sababu Vasco da Gama alikataa kushuka pwani. Rubani alipokawia kuletwa, alimzuia merikebuni mtumishi mwaminifu wa mfalme mpaka rubani akaletwa. Siku chache kabla ya hapo, mbele ya Mombasa, Wareno waliwadondoshea watu wawili mafuta ya moto mwilini ili wakiri njama. Na walipokuwa njiani kwenda Malindi waliteka chombo pamoja na watu wake. Yote haya yamo katika kitabu kile kile, ila yamesemwa kwa maneno machache na bila haya. Basi mhakiki hana budi kupima hata urefu wa sentensi. Mwandishi huyu ana maneno mengi penye sherehe, na machache penye mateso. Hasemi uongo, lakini atuchagulia mahali pa kutazama.

Tena, mfalme wa Malindi hasemi nasi kwa kinywa chake mwenyewe. Maneno yake yametufikia kwa kalamu ya mgeni, nayo ni maneno ya urafiki matupu. Kwa hiyo yatupasa kutafuta nia yake katika hali ya mji wake. Malindi na Mombasa zilikuwa na ushindani wa siku nyingi, na Mombasa ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Mfalme hakufungua mlango kwa woga wala kwa wema tu. Alitafuta mwenzi wa kumwegemea. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea wanaposema kwamba Malindi ilichagua amani na Mombasa ikachagua vita. Malindi ilifanya amani na wa mbali ili iweze kushindana na wa karibu.

Matunda ya shauri hilo hayakuiva siku moja. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Mombasa na kuitia moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akafanya vivyo hivyo. Malindi ilisalimika, na mtu aliyeishi siku zile angeweza kusema kwa haki kwamba mfalme wake alikuwa na akili. Lakini baada ya vita vya Wazimba mwaka 1589, Wareno walihamia Mombasa, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na jamaa ya wafalme wa Malindi ikahamishiwa huko. Malindi ikabaki nyuma, ikafifia. Sultani Hasan bin Ahmad, wa jamaa hiyo hiyo, aligombana na mkuu wa ngome, akauawa Rabai mwaka 1614. Mwanawe, Yusuf, alilelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo. Akarudi kutawala, na mwaka 1631 akamwua mkuu wa ngome na kuitwaa. Urafiki ulioanza kwa siwa ukaishia katika damu.

Je, basi Mombasa ndiyo iliyokuwa na haki? La. Mombasa ilisimama peke yake, ikaungua mara mbili. Ushujaa wa mji mmoja haukutosha mbele ya mizinga, na werevu wa mji mmoja haukutosha mbele ya tamaa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kila mfalme alimwogopa jirani kuliko mgeni, na kosa hilo ni la wote wawili. Hata hivyo, tusiwahukumu kana kwamba waliyajua ya 1505. Sisi twasoma kitabu toka mwisho, wao walikuwa katika ukurasa wa kwanza.

Ile nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama Malindi, ukingoni mwa bahari. Wewe msomaji ukifika hapo, usiulize tu ni nani aliyeisimamisha. Uliza pia ni nani aliyeandika habari zake, na ni nani ambaye hakupewa kalamu.