Yai Lisiloelea Baharini

Yuko mwalimu wa sayansi Mji wa Kale, Mombasa, ambaye somo la kuelea na kuzama hulianza bila chaki. Mezani pana beseni la maji, dafu na sarafu ya shilingi. Watoto wameshakata shauri: kizito huzama. Anatia dafu, laelea. Anatia sarafu, yazama. Wanatazamana.

Ninachomhusudu ni mpangilio. Kila anachokitoa kikapuni kinavunja jibu walilolipata sasa hivi, wala hamsahihishi mtu kwa mdomo.

Kisha yai. Katika maji ya mfereji linazama, na darasa zima lataka litiwe katika maji ya bahari aliyoyateka asubuhi. Mtoto wa pwani ajua bahari humbeba mtu. Linazama vilevile.

"Mwalimu, mbona lazama na maji ni ya chumvi?"

Hajibu, anampa muulizaji kijiko na pakiti ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na yai jipya lataka zaidi ya gramu 100. Basi ni kijiko, koroga, ngoja maji yatulie, kijiko tena. Mwenye haraka angemimina pakiti nzima, na watoto wangeona kiinimacho tu. Huyu angoja, hadi yai linyanyue upande wake mnene, liyumbe, liachane na chini.

Hapo ndipo anaposhika chaki: densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo. Mililita ya maji matamu ni gramu 1, ya bahari kama 1.025, ya yai kama 1.08.

Hakosekani wa kusema mbao haizami kamwe. Huyo anapelekwa Fort Jesus, akatazame vitu vilivyoopolewa katika Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome hiyo mwaka 1697. Ilikuwa ya mbao, lakini imesheheni mizinga, na hewa iliyojaa tumboni ndiyo iliyoubeba mzigo huo. Maji yalipoingia mahali pa hewa, ikaenda chini na mbao zake.

Mwalimu mwenzangu, ukilijaribu somo hili nunua mayai mapya. Yai lililokaa sana hupoteza maji kupitia gandani, hewa ikaongezeka ndani. Litaelea kabla ya chumvi, na somo litakuharibikia.