Damu ya Mtumwa Katika Televisheni

Mchezo wa Spartacus, ulioonyeshwa na kituo cha Starz cha Marekani kuanzia 2010 hadi 2013, wasimulia uasi wa watumwa juu ya Rumi, mwaka 73 hadi 71 K.K. Twakiri kwamba ukatili ule ulikuwapo: watumwa wapatao 6,000 walisulibiwa kando ya njia ya Apio, ambayo baadaye aliipita Mtume Paulo. Kosa la mchezo ni kuipamba damu na zinaa hata zitamanike. Mwili uliouzwa sokoni zamani wauzwa tena kwa mtazamaji.

Sisi tuhubirio pwani ya Lindi tuutazameje? Katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa iliwafikisha mateka Kilwa Kivinje, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Je, mateso yao nayo yawe burudani ya jioni?

Maandiko hayafichi uovu. Waamuzi 19 yatisha. Lakini katika 2 Samweli hatualikwi kusimama darini pamoja na Daudi, twaitwa kusimama na Nathani. Naye Bwana wetu alikufa kifo cha mtumwa. Wachungaji wawafundishe vijana kuuliza: mchezo huu wanisimamisha wapi?