Neno "Skyld" na Mipaka ya Etimolojia Mimbarani

Mhubiri anayefafanua neno kwa kuchimba asili yake husikilizwa kwa heshima, kana kwamba amefukua hazina. Tunakusudia kuipima njia hiyo kwa neno moja la Kinorwei, skyld, ambalo katika Biblia ya Kinorwei limo ndani ya Sala ya Bwana (Mathayo 6:12).

Siku hizi skyld humaanisha hasa hatia. Lakini katika lugha ya kale ya Skandinavia, skuld lilikuwa pia deni, na ndugu zake ni Schuld la Kijerumani na schuld la Kiholanzi. Yote hutokana na kitenzi cha kale cha Kigermaniki chenye maana ya kuwiwa, ambacho pia kimezaa skulle la Kinorwei, sollen la Kijerumani na shall la Kiingereza. Awiwaye hupaswa kulipa. Hivyo deni, wajibu na hatia vikakaa katika ukoo mmoja.

Je, tuseme basi kwamba Mnorwei asalipo huomba kufutiwa deni kwa sababu tu mzizi wa neno ni deni? Hatukubali. Deni la fedha Mnorwei huliita gjeld, neno lenye mzizi mmoja na Geld la Kijerumani, yaani fedha. Kama mzizi ungetawala maana, Mjerumani mwenye fedha nyingi angekuwa mdeni mkubwa! James Barr alionya juu ya kosa hili mwaka 1961: maana ya neno hutafutwa katika matumizi yake, si katika historia yake.

Hata hivyo, picha ya deni si uzushi. Msingi wake ni Maandiko yenyewe. Neno la Kigiriki la Mathayo, opheilēmata, ni madeni. Luka 11:4 hutaja dhambi, kisha kila tumwiaye. Na Mathayo 18 husimulia mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, akamkaba mwenzake kwa dinari 100.

Jambo hili si dogo. Tukihubiri hatia pekee, toba hugeuka kuwa hisia za moyoni, na jirani tuliyemdhulumu harudishiwi haki yake. Tukihubiri deni pekee, tutadhani twaweza kulilipa wenyewe, na neema itakuwa bure. Basi etimolojia na iitwe kama shahidi. Isikalie kiti cha hakimu.