Ubao wa Nyumbani

Karatasi za nyumba nyingi hazina makao. Kadi ya kliniki iko chini ya godoro, risiti ya ada imekunjwa ndani ya Biblia, na tarehe ya kikao cha harusi anaijua mama peke yake. Akisafiri mama, nyumba nzima inabaki gizani. Ndiyo maana nausifu ubao wa ukutani, na hasa ule uliotengenezwa na wenye nyumba wenyewe.

Ofisi za vijiji zinajua thamani yake. Mapato na matumizi hutakiwa kubandikwa hadharani, mwananchi asome bila kumpigia mtu hodi. Nyumbani nako haki ni ileile: jambo likishabandikwa, ni la wote.

Hapa Kilimatinde ufundi huu unatufaa kwa sababu hautegemei sana duka. Reli ya Kati haikupita mjini kwetu, ilipita Saranda, na hadi leo vitu vingi tunavifuata Manyoni. Lakini boksi la sabuni, gunia kuukuu na vipande vya mbao vipo.

Fremu huanzia kwenye mabaki ya seremala. Mninga unapendeza macho, ila ni mzito mno kwa ukuta wa tofali mbichi; msindano unatosha. Piga randa, pitisha msasa, kisha pima kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa sawa. Hatua hii wengi huiruka, na ubao wao hukaa upande maisha yake yote.

Ndani panga maboksi tabaka tatu. Boksi lina mawimbi katikati yake. Mawimbi ya tabaka la kati yapishane na ya jirani zake, ndipo pini itakaposhika. Usigandishe kwa uji wa unga. Mchwa wa huku watakushukuru kwa karamu! Tumia gundi ya mbao, na nyuma ya fremu weka vijiti vya kuitenga na ukuta, upepo upite.

Juu ya yote livutwe gunia la katani, nalipenda kuliko kitambaa chochote. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: kati ya miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Nyuzi za gunia hilo huachana pini inapoingia na kurudiana inapotoka, kwa hiyo hakuna tundu linalobaki. Salfeti haina adabu hiyo, huchanika. Pini zikikosekana, mwiba mrefu wa mgunga unafanya kazi yake vizuri.

Msumari katika ukuta wa udongo hulegea mapema. Afadhali kamba ifungwe kwenye boriti, kama ilivyowezekana tangu zamani katika matembe ya Wagogo, ambako boriti ndizo zinazobeba paa la udongo.

Kadi ya kliniki isitobolewe hata siku moja. Ishonewe mfuko wa kanga pembeni. Na kanga hiyohiyo ikichakaa, ule ukanda wenye jina ukatwe, ushonwe juu ya ubao. Mwanamke huinunua kanga kwa maneno yake. Hakuna sababu maneno yaliyompa moyo yaishie kuwa dekio.

Ubao ulio hai hubadilika na msimu. Mvua kwetu ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na Januari shule hufunguliwa wakati mtama unadai palizi. Ada, sare, mbegu ya alizeti na zamu za shambani zote zinagombea mfuko mmoja. Zikionekana pamoja ukutani, baba na mama hujadili hesabu badala ya kulaumiana. Simu haiwezi hilo, kwa kuwa simu ni ya mtu mmoja na huondoka naye. Bibi asiyesoma achorewe: jembe, kikapu, gari la hospitali.

Basi fundi, ukimaliza kazi usiutundike kwa kimo chako. Ushushe hadi macho ya mtoto wa darasa la pili, uache na nafasi tupu chini, abandike na yake.