Daftari la Mjukuu Wangu

Kila Jumapili alasiri mjukuu wangu na wenzake wawili husimama kando ya barabara ya Waiyaki, Nairobi, wakingoja magari. Hawana safari. Wanangoja Subaru Impreza, Mitsubishi Evolution, au Nissan Skyline ikijaliwa kupita: magari ya Kijapani yaliyobadilishwa na wenyewe hadi hayafanani na yalivyotoka kiwandani. Wakiliona moja, hulipiga picha na kuliandika daftarini. Kwa muda mrefu niliuhesabu mchezo huu kuwa uzururaji mtupu. Mwezi uliopita niliomba daftari nilisome, kalamu nyekundu mkononi kama ilivyo desturi yangu.

Nakiri nilikuta uhakiki. Chini ya Impreza moja ya buluu kijana ameandika, "Pua ya uongo." Nikataka maelezo.

"Babu, lile tundu juu ya boneti huingiza upepo wa kupoza hewa iliyoshindiliwa na turbo. Gari hili halina turbo. Tundu amelibandika tu."

Ni wangapi katika wanafunzi wangu wa fasihi walioweza kutenganisha hivyo tamathali yenye kazi na pambo la kubandika?

Masikio pia wanayo. Subaru huitambua kabla haijatokea. Silinda nne za injini yake zimelala, mbili kila upande, na katika matoleo mengi ya zamani mabomba yanayopokea moshi wake hayalingani urefu. Ndiyo sababu mngurumo wake hudundadunda. Mdundo huo vijana huupa alama. Bomba lililokatwa ili wapita njia washtuke hulipiga mstari. Mimi ningelipiga miwili, maana wagonjwa na watoto wachanga nao wanaishi mjini.

Mapenzi haya hayakuzuka jana. Nilikuwa kijana Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, na vumbi la magari yale tulilila kwa furaha. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Impreza, na heshima ya Subaru katika jiji hili ikapata mizizi ambayo tangazo la biashara haliwezi kuipanda. Magari yale yalirekebishwa kwa sababu ya tope, mawe na wanyama. Haya ya leo aghalabu hurekebishwa kwa sababu ya macho ya watu. Hilo peke yake silihesabu kosa. Hata kanga huvaliwa itazamwe.

Kosa nililiona katika safu za daftari. Ipo safu ya turbo, ya rimu, ya springi, ya bomba la moshi, ya rangi. Safu ya breki haipo. Nilipekua kurasa zote nisiikute. Breki haingurumi, wala haipendezi pichani, na mwenye gari anajua hivyo, basi fedha yake huiweka panapotazamwa. Kwa hiyo hawa wanaosimama kando na daftari si watazamaji tu. Wanachokisifu ndicho kitakachonunuliwa mwezi ujao.

Nimemzika mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliyekuwa na gari la namna hii. Fundi aliyelikagua baadaye alituambia kwamba injini ilikuwa imeongezwa nguvu, na breki zilikuwa zile zile za awali, zimelika.

Niliandika kwa wino mwekundu chini ya ukurasa wa mwisho, "Na kusimama je?" Nikamrudishia. Hakunijibu, na siku mbili tatu alininunia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda naye. Evolution nyeupe iliingia kituo cha petroli, na wenzake wakalikimbilia lile bawa la nyuma. Yeye alichutama kando ya gurudumu la mbele, akachungulia katikati ya rimu kwa muda mrefu, kisha akaandika kitu ambacho hakunionyesha.