Matabishi Si Mshahara

Wafanyabiashara wa Kongo wanaovuka Ziwa Mweru kuja kununua chisense kwetu, wale dagaa wadogo wa ziwa hili, wana neno ambalo sijawahi kulisikia darasani: matabishi. Asili yake ni Kireno, mata-bicho, maana yake "kuua mdudu": kile kinywaji cha asubuhi cha kumtuliza mdudu wa tumboni. Kwa Wakongo limekuwa jina la chochote kinachotolewa juu ya bei. Sisi wa upande wa Zambia tunasema mbasela, neno lililopanda kutoka kusini. Muuzaji akishapima kopo la chisense likajaa, anaongeza kiganja. Kiganja hicho ndicho mbasela.

Naomba msomaji atazame mpangilio. Kopo hujaa kwanza. Hakuna muuzaji wa Kashikishi au Kafutuma anayethubutu kukupimia nusu kopo, kisha akakuambia subiri, mbasela itajaza palipobaki. Lakini hivyo ndivyo wanavyofanyiwa vijana wanaotuletea chakula, na sisi tunaowatupia chenji tunajiona wakarimu.

Watetezi wa bakshishi wana hoja mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba humfanya mfanyakazi ajitume. Katika programu nyingi za chakula za Marekani mteja huombwa bakshishi anapoagiza, kabla hajaona sahani wala uso wa aliyeileta. Hapo anazawadia juhudi gani? Anachofanya ni kupanda dau ili dereva akubali safari. Huo ni mnada, na jina la zawadi limekopwa tu.

Hoja ya pili ni kwamba bakshishi ni hiari, kwa hiyo haimdhuru mtu. Hii ndiyo dhaifu zaidi. Kati ya 2017 na 2019 kampuni ya DoorDash ilimhakikishia dereva kiasi fulani kwa safari, na mteja akitoa bakshishi, mchango wa kampuni ulipungua. Mteja alidhani anampa dereva, kumbe anaipunguzia kampuni mzigo. Februari 2025 ilikubali kulipa dola milioni 16.75 kumaliza shauri hilo katika jimbo la New York. Amazon nayo mwaka 2021 ilikubali kurudisha zaidi ya dola milioni 61 za bakshishi za madereva wake. Na tusidhani tabia hiyo ilianza na simu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi ifikishe jumla kwenye kima cha chini. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991, nami nilikuwa sijazaliwa. Hiari ya mteja ikishazoeleka, mwajiri huiandika kwenye hesabu zake.

Jiji la New York lilichukua njia nyingine. Kuanzia Desemba 2023 kampuni za programu zililazimishwa kuwalipa wapeleka chakula angalau dola 17.96 kwa saa, bila kuhesabu bakshishi. Uber na DoorDash zilijibu kwa kuliondoa ombi la bakshishi mahali pa kulipia na kuliweka baada ya agizo. Yaani kopo lilipoanza kujazwa, mbasela ikafichwa! Hispania ilipitisha sheria yake mwaka 2021, na Desemba 2024 Glovo ikatangaza kwamba itawaajiri wapeleka chakula wake nchini humo. Ni Glovo hiyo hiyo inayotuma pikipiki Nairobi na Kampala, ila tangazo lilihusu Hispania peke yake.

Kafutuma hakuna programu ya chakula. Kuna akina mama wanaopika ugali na samaki karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga, na kuna vijana wanaopeleka sahani kwa wachuuzi wasioweza kuyaacha magunia yao. Mdogo wangu amebeba sahani hizo misimu miwili. Ujira wake haujawahi kutajwa. Mpishi humwambia, "Watakupa huko huko," na huko huko wakati mwingine ni kwacha tano, wakati mwingine ni kichwa cha samaki, wakati mwingine ni "kesho." Uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, wageni hupungua na mkono wa waliobaki huwa mzito. Njia ya mchanga ina urefu ule ule.

Siwezi kumlaumu mpishi kirahisi. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, nikipandisha bei watakula kwa jirani," kisha akanihesabia mkaa, mafuta na unga. Jibu lake lina uzito kuliko hoja zote za watetezi wa bakshishi, kwa sababu anayelisema hana kampuni nyuma yake. Ila nilimwonyesha jambo moja. Mchuuzi yule yule anayeomba ugali uletwe magunini hulipa nauli ya mtumbwi kwa kila gunia la chisense. Hamwachii nahodha chochote atakachojisikia. Nauli hutajwa kabla injini haijawashwa, na hata wakibishana, wanabishania kiasi tu.

Kwa nini basi safari ya sahani isiwe na nauli? Anayekula kibandani alipe bei ya chakula, anayeletewa aongeze kwacha mbili au tatu zinazojulikana kuwa za mbebaji, na zitajwe kwa sauti wakati wa kuagiza. Wapishi wote wakikubaliana, jirani hatakuwa mahali pa kukimbilia. Mchuuzi akitaka kuongeza matabishi juu yake, hakuna atakayemzuia.

Mpishi alisema atawauliza wenzake msimu ukifunguliwa mwezi Machi. Mdogo wangu aliuliza kama na sahani tupu, za kurudisha, zitahesabiwa.