Jibu Lililong'olewa Swalini: Uhakiki wa Filamu ya Frost/Nixon

Filamu ya Frost/Nixon, iliyoongozwa na Ron Howard na kutolewa mwaka 2008, inahusu mahojiano ambayo Mwingereza David Frost alimfanyia Richard Nixon, aliyekuwa Rais wa Marekani, mwaka 1977. Mswada wake ni wa Peter Morgan, kutokana na tamthilia yake mwenyewe iliyochezwa London mwaka 2006. Mwaka huo huo ilitoka The Last King of Scotland, filamu juu ya Idi Amin, ambayo Morgan alishiriki kuiandika. Kwa hiyo mtunzi huyu anamhusu msomaji wa Afrika Mashariki kuliko jina la Nixon linavyodokeza.

Kifani, filamu imefaulu. Mgogoro umejengwa kama pambano la ngumi: wapinzani wawili, kila mmoja na wasaidizi katika pembe yake. Frost (Michael Sheen) anatafuta jina. Nixon (Frank Langella) anatafuta kusafishwa jina. Hata fedha zimepewa nafasi yake: Nixon aliahidiwa dola 600,000, na filamu haifichi kwamba muulizaji amemnunua muulizwaji.

Tatizo limo katika namna Morgan anavyoitumia historia. Amefanya mambo mawili yasiyolingana uzito. La kwanza ni kubuni. Usiku mmoja Nixon, akiwa amelewa, anampigia Frost simu na kujifananisha naye. Simu hiyo haikupata kupigwa. Hata hivyo, mtunzi wa tamthilia ya kihistoria ana ruhusa hiyo. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile (1969), aliwatahadharisha wasomaji kuwa Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia. Simu ya Morgan inamulika nafsi ya mhusika, wala haibadili ushahidi uliopo.

La pili ni kuhamisha. Katika filamu, Nixon anabanwa juu ya kashfa ya Watergate, ndipo anaposema kuwa tendo likifanywa na Rais haliwi kinyume cha sheria. Kisha ungamo linafuata. Katika mahojiano yenyewe maneno hayo yalijibu swali jingine, juu ya mpango wa mwaka 1970 wa kuwapeleleza wapinzani nchini Marekani. Kuhusu Watergate, Nixon alikiri kuwa aliwaangusha rafiki zake na nchi yake, lakini alikana kutenda jinai. Maana ya jibu hutegemea swali lake. Ukilibadili swali, umebadili jibu, hata kama hukugusa neno moja.

Uzito wa jambo hili waonekana zaidi karibu na nyumbani. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu ya kumbukumbu ambamo Amin anaachwa ajieleze apendavyo. Hapo mwenye mkasi alikuwa mtawala mwenyewe: alidai vipande fulani viondolewe, akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda kama rehani, hadi kiasi cha dakika mbili na nusu zilipokatwa. Zilirudishwa baada ya yeye kupinduliwa mwaka 1979.

Aliye mbali huweza kumcheka Amin huyo. Aliye Naitiri, kati ya Kitale na Bungoma, hana nafasi hiyo. Februari 1976 Amin alidai kuwa magharibi ya Kenya, hadi kilometa 32 kutoka Nairobi, ilikuwa sehemu ya Uganda kihistoria. Dai hilo halikutungwa lote: mwaka 1902 Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Lakini habari hiyo ya kweli, ilipong'olewa katika wakati wake, iligeuka tishio kwa wenye mashamba na makaburi ya wazee wao katika ardhi hiyo, na serikali ya Kenya ikaikataa. Kweli iliyohamishwa ni ngumu kuikanusha kuliko uongo, kwa kuwa ina mashahidi.

Kwa jumla, Frost/Nixon ni kazi ya ustadi, na yafaa kufundishwa sambamba na mahojiano yenyewe, ambayo yalirekodiwa na yapo. Msanii na abuni pale historia iliponyamaza. Pale iliposema, na neno likahifadhiwa, haki ya hadhira ni kulipata pamoja na swali lake.